Kikohozi cha Gari la Marehemu

Kama kuna kitu Aoko alikuwa hawezi kukivumilia, ni mtu kupiga resi gari lililosimama. Gari ni la kwenda, liende. Lakini mtu mzima kukaa kwenye usukani, gia huru, breki ya mkono imevutwa, akakanyaga mafuta mpaka injini inalia kama inachinjwa, na huku anazungusha macho kuona nani anamtazama, huyo kwa Aoko hakuwa na tofauti na mlevi anayejisaidia barabarani mchana kweupe. Na asubuhi hiyo, siku ya kumzika baba yake, aliyekuwa akiufanya uchafu huo ni baba yake mdogo, Omondi, mfanyabiashara wa Sirari. Aliufanya ndani ya gari la marehemu, katikati ya ua wa marehemu huko Nyarero, jeneza likiwa pale pale chini ya turubai.

Tusiwaonee watu. Buru ni buru, na Aoko hakuwa na ugomvi nayo. Kwa Wajaluo, mwanamume mwenye mji wake, yaani boma lake, akifa haondoki kimya kimya. Watu hukimbiza ng'ombe mpaka mpakani, wanapuliza pembe, wanaimba, wanakifukuza kifo kwa kelele mpaka kikome kurudi mji ule. Zamani ilikuwa mikuki na ngao, siku hizi vijana wa bodaboda wanakuja na pikipiki zao na kazi inafanyika. Alfajiri ng'ombe walikimbizwa vizuri tu. Walikuwa wa jirani, Mzee Machage, Mkurya ambaye mila hii si yake, lakini alimpenda marehemu akawatoa mafahali wake bila kuulizwa mara mbili. Hapo Aoko alilia akasikia nafuu. Ni baada ya ng'ombe kurudi ndipo Omondi akasema kwamba kaka yake alikuwa mtu wa magari, si mtu wa ng'ombe, na kwamba gari lake lazima limlilie. Akaenda kulitoa bandani.

Lilikuwa gari dogo la Kijerumani, la mbio, milango miwili, injini nyuma, rangi ya maziwa yaliyoganda, na kwa umri lilimzidi Aoko mwenyewe. Daktari mmoja wa misheni alipostaafu kurudi kwao alimwachia baba yake Aoko, Elia Odera, fundi wa Tarime mjini, likiwa skrepa. Panya walikuwa wamezaa kwenye viti. Watu walimcheka Odera wakachoka. Yeye akaifungua injini, akavipanga vipande juu ya gunia, na kwa miaka mingi akaijenga upya, spea nyingine akizichonga mwenyewe, nyingine akiwaagiza madereva wa mabasi. Lilipowaka hakwenda nalo popote pa maana. Jumapili baada ya ibada alimpandisha mkewe, Awino, naye Awino akikaza kilemba kwa ajili ya upepo, wakaenda mjini kunywa chai, wakarudi. Ndiyo hiyo tu. Aoko, binti yao, ambaye sasa alikuwa dereva wa watalii huko Mugumu na ameshaendesha magari makubwa mpaka ndani kabisa ya Serengeti, hakuwahi kuona watu wawili wakifurahia gari kama wale.

Sasa Omondi alikuwa amelikalia. Miguu yake yenye viatu vya ncha ilikuwa haijui hata kupima mafuta, inakanyaga tu kama mtu anayeua mende. Mshale wa kupima mizunguko ya injini ulipanda, ukapanda, na ulipokaribia mstari mwekundu injini ikakata. Pa-pa-pa-pa. Ikashuka kidogo, ikapanda, ikakata tena. Moshi ukatoka vipande vipande. Omondi akaachia, akakanyaga upya, na pale pale ilipokatia mwanzo ikakatia tena.

Aoko aliijua sauti hiyo tangu utotoni. Ndani ya distributa, chini ya kile kifuniko cheusi chenye nyaya za plagi, kuna rota, kitu kidogo kama kidole gumba, kinachozunguka na kuzigawia plagi moto wa umeme moja baada ya nyingine. Rota ya gari hilo haikuwa kama za magari mengine. Waliolitengeneza walijua litaendeshwa na watu wenye kiherehere, basi wakaitia kizito cha chuma kilichoshikwa na springi. Injini ikienda kwa adabu, springi inashinda na kizito kinatulia. Injini ikizidi, kizito kinasukumwa nje, kama abiria wa pikapu anavyotupwa ubavuni kwenye kona kali. Kikifika nje kinagusa chuma, moto wote unaishia hapo, plagi hazipati kitu. Injini ikipungua, springi inakivuta kizito ndani na moto unarudi. Ndiyo maana inakata na kurudi, inakata na kurudi. Si ugonjwa hata kidogo. Baba yake aliiita breki ya ujinga. Akamwonya pia kwamba breki hiyo nayo ina mwisho wake, kwa sababu dereva akiwa kasi ya gia ya nne akaingiza ya pili kwa makosa, magurudumu yenyewe yataizungusha injini mpaka ife, na rota haitakuwa na la kufanya.

Lakini nani pale uwanjani alikuwa anajua habari za rota? Aliyefungua mdomo kwanza alikuwa shangazi Philomena, dada mkubwa wa marehemu, aliyevuka mpaka kutoka Migori na mizigo mitatu ya nguo kana kwamba amekuja kuhamia.

"Hii gari inakohoa," alisema. "Ndugu yangu alikufa akikohoa, na hii gari yake inakohoa. Anatuambia kitu kilimuua."

Ni kweli Odera alikufa akikohoa. Hospitali walisema mapafu, wakaonyesha mpaka picha, na Awino alikuwa amelala chini kando ya kitanda chake usiku baada ya usiku akimshika kichwa akohoe vizuri. Lakini minong'ono ilikuwa imeanza tangu matanga yalipofunguliwa: kwamba alikuwa mzima, kwamba aliugua baada ya uji, kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume ana yake moyoni. Watu walikuwa wanainong'ona huku wanakula kwake. Walikuwa wanatafuta tu mahali pa kuitundikia, na sasa gari limewapa.

Omondi, ambaye mguu wake haukukanyaga hospitali hata siku moja, akavaa uso wa majonzi. Akasema tumsikilize kaka. Akakanyaga mafuta, injini ikafika pale ikakata, pa-pa-pa-pa, na watu wote wakaguna kwa pamoja. Akakanyaga tena, wakaguna tena. Alikuwa anaonja utamu wake, Aoko aliona wazi, shavu lilikuwa linamcheza.

Wanawake waliokuwa wamekaa na Awino kwenye mkeka wakaanza kusogea. Hakuna aliyeinuka, la. Kila mmoja alisogeza makalio kidogo, akavuta kanga yake kidogo, kama mtu anayekwepa jua, na muda si muda mjane alikuwa amebaki peke yake katikati ya mkeka. Hao ni wanawake aliowapikia. Mchungaji alikuwa amekazana kutazama simu yake. Mzee Machage aliuliza kwa Kiswahili chake kizito wanasema nini, alipoelezwa akatema mate, akawafungua mafahali wake, akaondoka nao bila kuaga mtu.

Ndipo Omondi akazima injini, akashuka garini akatoa hukumu. Jeneza halitateremshwa mpaka mjane aseme alimpa nini mumewe. Akikataa kusema, basi atafungasha virago vyake leo hii arudi kwao Shirati, na mji huu utakaliwa na wenye damu yao. Hapo kila mtu mwenye akili alielewa gari lilikuwa likikohoa kwa faida ya nani.

Aoko alikwenda mbele. Aliwaamkia wakubwa kwanza, shikamooni, kwa sababu alilelewa, halafu akawaeleza. Alifungua nyuma ya gari, akazifungua klipu za kile kifuniko, akaichomoa rota akawaonyesha kizito na springi yake, akakisukuma kwa ukucha waone kinavyotoka na kurudi. Aliwaambia gari halikohoi, linajizuia lisife. Alisema taratibu, kama anavyowaeleza wageni wake kwa nini hawaruhusiwi kushuka garini mbele ya simba.

Omondi akaichukua ile rota kwa vidole viwili, akaigeuza, akacheka. Akauliza kama kweli kadude kama kale ndiko kanakoweza kuikaba injini nzima, na watu wakacheka naye, msibani. Shangazi Philomena hakucheka. Alimtazama Aoko kwa huruma ya kuudhi, akasema yeye ni mtoto wa huyo mama, atasema nini kingine. Akapigiwa makofi kwa hilo.

Basi Aoko akaelewa kwamba watu hawa hawahitaji kuelezwa. Angeweza kuwachorea ubaoni na kuwaletea mhandisi. Walichotaka ni kusikia. Kama gari litaendelea kukohoa, mama yake ni mchawi na mwuaji, na jioni atakuwa kwenye basi na kanga zake ndani ya mfuko wa rambo. Kama gari halitakohoa, basi hawana neno. Imani yao ilikuwa fupi kiasi hicho. Ilimkera mpaka vidole vikamwasha.

Alikwenda kumpigia mama yake magoti pale mkekani. Awino hakuwa analia. Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la kanga, anauzungusha kidoleni, anaukata. Aliinua macho akamsoma binti yake usoni, na akajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimshikia Odera tochi miaka yote ile.

"Usifanye hivyo, Aoko," alisema chini chini. "Mimi nitakwenda kwetu. Usiliue gari la baba yako."

"Mama, lile ni bati."

"Si bati. Unajua si bati."

Aoko alijua. Aliinuka hata hivyo, akaenda kwenye stoo ya vifaa. Katika droo ya baba yake kulikuwa na rota ya kawaida, isiyo na kizito wala springi, ya gari la familia lililotumia distributa ya aina ile ile. Odera alikuwa akiitumia kupima moto tu, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, na alikuwa mkali: gari halitoki na hiyo nje ya geti. Aoko aliipangusa kwa blauzi yake. Alipoiingiza mahali pake ikakaa barabara, kama ilivyotakiwa, na hilo lilimuuma kuliko kama ingegoma. Akarudisha kifuniko, akabana klipu.

Aliomba alipige resi mwenyewe. Wakamshangaa. Buru ni kazi ya wanaume, tena binti wa marehemu akae kwenye kiti cha marehemu kabla hajazikwa, wapi na wapi? Hakubishana, Omondi akarudi kwenye usukani. Alisimama mlangoni mwa gari, mbele ya wote, akamwambia Omondi kwa sauti ya kusikika.

"Baba mdogo, sasa halitakohoa. Lakini sasa hakuna kitu kitakacholizuia isipokuwa mguu wako. Mshale ukigusa pekundu, ondoa mguu. Mara moja inatosha, watu watakuwa wamesikia."

Omondi akamuuliza kama yeye ndiye wa kufundishwa gari, yeye anayemiliki malori. Aoko akarudia kwamba akigusa pekundu aondoe. Akasubiri. Alimkodolea mpaka yule mtu akachoka na kutazamwa, akasema, "Sawa, nitaondoa." Wote walimsikia akisema. Akawasha gari.

Akakanyaga. Injini ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikikatia, na haikukata. Sauti ilinyooka, ikawa nyembamba na safi, ikaingia mpaka kwenye meno. Aoko hakuwahi kuisikia sauti hiyo maisha yake yote, wala Odera hakuisikia, kwa sababu Odera hakuwa mtu wa kuitafuta. Kilikuwa kitu kizuri sana, na yeye alikuwa anakisikia kikitolewa kwa nguvu mbele ya umati. Philomena akaweka mkono mdomoni. Halafu mkono ukashuka na kigelegele kikatoka.

"Amenyamaza," akapaza. "Hakohoi tena. Ndugu yangu hana kinyongo na mtu."

Kumbe ni hivyo tu. Dakika moja mtu ni mwuaji, dakika ya pili hana hatia, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha uso. Vigelegele vikapokelewa, bodaboda nazo zikawashwa, vijana wakazipiga resi zao, mapembe yakalia, ua mzima ukawa moshi. Waliokuwa wamekunja nyuso kwa hasira za haki sasa walikuwa wanacheza, jasho linawatoka. Watu walewale.

Na mguu wa Omondi ulikuwa bado uko chini.

Mshale ulikuwa umeupita wekundu wote, umefika ambako hakuna namba. Aoko akapiga kioo kwa kiganja, akapiga kwa ngumi. Alipiga kelele aondoe mguu, alimtaja kwa jina bila ubaba mdogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Omondi alimwona. Macho yao yalikutana kabisa. Kisha akageuza uso upande wa pili, ambako mtu alikuwa anamrekodi kwa simu, akatabasamu, akanyoosha dole gumba. Hapo Aoko alimchukia binadamu mwenzake kama hajawahi kuchukia.

Kitu kikagonga ndani. Mara moja, kizito, kama nyundo kwenye pipa la mafuta. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, ilikatika ikatoboa tumbo la injini ikatokea nje, na kila kilichokuwa kikizunguka kikasagana kikasimama. Oili ikamwagika kwenye majani, nyeusi, ya moto, inatoa mvuke na harufu ya nywele zilizoungua. Omondi akabaki ameshika usukani wa gari lililokufa, mguu ungali umekandamiza.

Sasa hapo mtu angetarajia aibu. Hapana. Umati ulilipuka kwa furaha. Walisema hilo ndilo buru, gari limekwenda na mwenyewe, kifo kimeondoka na mshindo. Mwenye simu akawa anaomba watu wasogee apate kuirekodi oili vizuri. Wanawake wakarudi kwenye mkeka walikotoka, wakijisogeza kwa makalio kama walivyoondoka, wakamzunguka Awino wakamshika mabega. Philomena mwenyewe alimletea maji kwenye kikombe, akamwita mke wetu, akampangusa uso ambao haukuwa na chozi.

Omondi alichomoa funguo akatia mfukoni, akashuka akikung'uta suruali. Aliona kwamba lazima aseme neno, na neno alikuwa nalo. Aliinua mkono watu wanyamaze, akasema kaka yake hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwamba wengine wangeona gari lile ni mali ya ukoo. Lakini yeye moyo wake si mdogo. Mbele ya jeneza na mbele ya mchungaji anampa Aoko gari la baba yake, alichukue, liwe lake, asije mtu akasema Omondi alimdhulumu yatima. Akatoa funguo mfukoni akazining'iniza.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kweli, wengine mpaka wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mchungaji akasema amina. Halafu wakamgeukia Aoko, wanangoja, na ilikuwa wazi wanangoja nini. Jeneza lilikuwa bado halijainuliwa, Omondi ndiye wa kusema liinuliwe, na mama yake alikuwa mkekani katikati ya wale wanawake.

Aoko alizipokea funguo kwa mikono miwili.

"Asante, baba mdogo," akasema.

Gari lilikuwa limeziba njia ya kwenda kaburini. Ikabidi lisukumwe, vijana nyuma, Aoko kwenye usukani, kwa mara ya kwanza katika kiti kile, akilikata kona kulisogeza kando ya zizi. Lilikuwa jepesi sana. Aliporudi, jeneza lilikuwa limeshabebwa, na wabebaji walikuwa wanapita juu ya ile oili wakiteleza na kushikana. Awino alikuwa amesimama nyuma ya jeneza, amekaza kilemba. Aoko akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Umemwambia asante?" mama yake akauliza bila kumtazama.

"Nimemwambia."

Awino akaitikia kwa kichwa. "Na mimi maji ya Philomena nimeyanywa yote," akasema, wakalifuata jeneza.